Mzee wa Chaji na Betri Sita

Ukitaka kumjua Mzee wa Chaji, anza na suruali yake. Ilikuwa ya kaki, na kuanzia mapajani kushuka chini ilijaa vitundu vidogo vidogo, kazi ya asidi, hivi kwamba upepo wa Eldoret uliingia upande huu ukatokea upande ule bila kupiga hodi. Mkewe aliitia viraka mpaka viraka navyo vikatoboka. Juu ya suruali hiyo mzee alivaa tai. Jumatatu mpaka Jumamosi, tai nyekundu iliyofungwa vizuri, ncha yake ikachomekwa ndani ya shati isije ikaoga asidi. Nilipomuuliza sababu alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini anavaa viatu.

"Mwalimu," akasema, "hii ni stima. Stima lazima uiendee ukiwa smart."

Mwalimu ni mimi. Nilifundisha hesabu darasa la saba, nikapanga chumba kimoja pale Munyaka, mtaa wa pembeni mwa mji, na chumba chenyewe hakikuwa na umeme. Nilikuwa na televisheni ndogo ya black and white, niliyoipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, nayo ilikula betri ya gari. Kila wiki betri ilikwisha, na kila wiki niliisukuma kwa wilbaro hadi kwenye banda la mzee. Banda hilo la mbao lilikuwa limeegemea posho mill, mashine ya kusaga mahindi, kwa kuwa posho mill ndiyo iliyokuwa na stima. Upande wa pili wa mill alikaa Mama Cherehani, mshonaji aliyejua habari za Munyaka kabla hazijatokea. Mzee alitoka upande wa ziwani. Hilo ungelisikia akifungua mdomo tu, na mengine sikuuliza.

Kabla hujamwachia betri ilikubidi useme sheria ya waya: bana kwanza, washa mwisho, zima kwanza, bandua mwisho. Hakujali cheo chako. Nimemwona pasta wetu, mtu mzito wa mwili na wa heshima, amesimama wima mbele ya benchi akiikariri kama mtoto wa nasari, na alipokosea mzee akamrudisha mwanzo. Sababu ilikuwa ya kweli. Betri ikichajiwa hutoa hewa usiyoiona, na hewa hiyo hungoja cheche moja tu. Ukibandua waya wakati stima bado inapita, cheche umeileta mwenyewe. Miaka ya nyuma, katika gereji alikoajiriwa, betri ilimpasukia usoni ikamwachia kovu chini ya jicho na woga ambao haukupona. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mzee aliona unyasi kila mahali.

Ila mtu huyohuyo alikuwa na baiskeli isiyo na breki. Aliteremka nayo kwa kasi, tai imechomoka inapepea begani, kuku na akina mama wakitawanyika, akasimama kwa kuugonga ukuta wa posho mill kwa kiatu. Nilimwambia siku moja kwamba atakufa kwa baiskeli na betri zitamzika. "Baiskeli naiona ikienda," akanijibu. "Stima siioni. Mimi naogopa kitu yenye sioni."

Kila betri aliipitishia stima kwenye balbu ya taa ya gari. Betri ikija tupu, balbu iliwaka kwa ukali; betri ikiendelea kujaa, balbu ilififia, ikawa nyekundu, ikawa karibu kuzimika. Balbu ndiyo iliyozuia stima isiingie kwa pupa. "Hii balbu ni mama mkwe," aliwaambia wateja. "Akikaa kwa mlango, hakuna mtu anaingia akikimbia." Diwani mmoja alikuja na betri ya gari lake akitaka ijazwe kwa nusu saa, ana mkutano. Mzee alimvutia stuli. "Mheshimiwa, hii si gunia ya mahindi eti utaikanyaga ndio iingie." Diwani alikaa kwenye stuli hiyo kutoka asubuhi hadi chakula cha mchana, na kwa kukosa la kufanya akamwachia Mama Cherehani koti lake lishonwe vifungo.

Siku hizo kila duka lilitundika picha ya Rais, na la mzee vilevile. Shida ni kwamba mvuke wa asidi hula chuma. Ulikula msumari polepole bila mtu kujua, na alasiri moja picha ikaanguka, tena mbele ya vijana wawili wa chama waliokuwa wakipita kukagua kadi. Enzi hizo mtu alilala ndani kwa kosa dogo kuliko hilo. Mzee aliokota picha, akaipangusa kwa tai yake, akasema, "Vijana, asidi haina chama." Mama Cherehani, aliyekuwa mlangoni akishona kwa mkono, alijifanya amejidunga sindano akapiga yowe, ili maneno hayo yasipate nafasi ya kutua. Vijana wakacheka, Mungu mkubwa, na kesho yake picha ilikuwa imening'inizwa kwa kamba ya nailoni ambayo asidi haiwezi kuila.

Sasa nieleze jela yake. Balbu hufifia, lakini haijui kufunga mlango. Stima huendelea kupenya kidogo kidogo hata betri ikiwa imeshiba, maji yake yanachemka, hewa inazidi. Lazima mtu awepo azime, na mtu huyo alikuwa yeye. Hakuwahi kuondoka na stima ikiwa inapita, hata kwenda msalani aliomba mwenye mill asimame mlangoni asiguse kitu. Mara moja tu alimwachia shemeji yake kwa nusu saa, akarudi akakuta betri imefungwa kinyume, hasi kwa chanya. Tangu hapo hakumwamini binadamu. Kufunga banda nako hakuweza, maana betri iliyoachwa tupu huota unga mweupe ndani na kuharibika, na yeye alihesabu kila betri mbovu kama mgonjwa aliyefia mikononi mwake. Kwa hiyo hakuenda popote. Kinyozi alimfuata bandani. Kamati ya kanisa ilikutana bandani. Binti yake wa pekee alipopata kipaimara mzee hakuwepo, na alipohitimu ualimu hakuwepo vilevile.

Na binti huyo akapata mchumba, mkulima wa viazi kutoka Timboroa.

Wazee wa upande wa kijana, watu wenye asili ya Mkoa wa Kati waliohamia kule juu zamani, walikuja kuzungumza mahari wakiwa na makoti mazito na shukrani ndefu. Walipelekwa bandani. Walikalishwa kwenye benchi kati ya betri mbili za trekta, na kila sentensi ya pili mzee aliinuka kutazama balbu. Mazungumzo yalikuwa yanaendelea vizuri hadi mshenga alipotoa sigara na kiberiti. Mzee aliruka. Sijui aliruka vipi, kwa miaka yake ile, lakini aliivuka betri ya trekta, akanyakua kiberiti, akakitupa nje hadi barabarani. Wazee wakasimama wote kwa pamoja, wakatafuta kofia zao. Walidhani posa imekataliwa. Ilichukua chai ya birika mbili, na Mama Cherehani akitafsiri hasira kuwa mapenzi, hadi wakaketi tena.

Walikubaliana harusi ifanyike Timboroa, Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ambayo Munyaka nzima ilichukua betri zake. Binti alikuja bandani akasimama mbele ya baba yake, nami nilikuwepo na wilbaro yangu.

"Baba, kipaimara hukukuja, nilinyamaza. Graduation hukukuja, nilinyamaza. Kwa harusi usipokuja, siingii kanisa. Nitasimama hapo kwa mlango na gauni mpaka giza iingie, na watu waulize baba ya huyu ni nani."

Akaondoka. Mzee alikaa kitako juu ya kreti akitazama balbu. Baadaye akaniomba daftari la hesabu lenye miraba.

Ndipo kazi ilipoanza, na sijawahi kuwa na miezi ya raha kama ile. Kila jioni baada ya shule nilisahihisha hesabu zake kwa kalamu nyekundu kama za mwanafunzi, naye alikuwa mwanafunzi mbishi. "Chaja mbaya inauliza betri, unataka ngapi?" alisema. "Chaja mzuri inauliza, umeshiba?" Alitaka kidude kitakachopima nguvu ya betri, na ikifika kiwango cha kushiba kikate stima chenyewe. Alivunja redio mbovu akatoa transista, akang'oa rilei kwenye lori la mbao lililokufa. Rilei ni swichi yenye sumaku na springi, na ikifanya kazi hulia tak. Hapo tuligombana. Mimi nilitaka sumaku ivute ili kukata; ilikuwa rahisi kwenye karatasi. Yeye alitaka sumaku ivute ili kuwasha, na springi ndiyo ikate.

"Tofauti iko wapi?" nikauliza.

"Waya ikikatika, sumaku inakufa. Yako ikikufa, stima inaendelea kuingia. Yangu ikikufa, springi inafungua, inazima. Mwalimu, kitu ikitaka kuharibika, wacha iharibike ikiwa imezima."

Niliweka kalamu nyekundu chini. Nina cheti cha ualimu na sikuwa nimewahi kufikiria hivyo.

Alitengeneza chaja sita, kila moja na balbu yake, fyuzi yake na rilei yake. Aliziwekea kile kiwango cha kushiba mchana, benchi ikiwa imeegemea ukuta wa posho mill ambao kwa sababu ya mota ulikuwa na joto kama mkate. Zikafanya kazi. Tulicheza ngoma mle bandani, mimi, yeye na Mama Cherehani, na mwenye mill akazima mota aje aone kumetokea nini.

Kisha ikaja Julai yenye ukungu, mzee akahamisha benchi karibu na mlango, na Munyaka ikaingia giza. Betri zilikatwa mapema. Zilionekana zimeshiba na zilikuwa na njaa. Nyumbani kwangu walikuwa wamejaa majirani kumi na wawili kutazama taarifa ya habari ya saa tatu, Rais yuko shambani anapanda mti, jembe liko hewani, mara akaanza kupungua, akapungua, akawa nukta nyeupe katikati ya kioo, akaisha. Hakuna aliyethubutu kucheka. Tulikaa gizani tumejishika midomo, mpaka mzee mmoja akasema kwa sauti ya adabu kwamba bila shaka mti ule umeshapandwa.

Asubuhi wateja walipanga foleni kumlaani. Yeye hakuwasikia. Alikuwa ameweka shavu lake kwenye ubavu wa betri, akahama, akaliweka kwenye ukuta wa mill, akarudi kwenye betri.

"Baridi," akasema. "Mwalimu, shule iko na thermometer?"

Niliiazima ile ya kabati la sayansi bila ruhusa, Mungu anisamehe. Tulipima betri ileile alfajiri na tukaipima saa nane, na ukweli ukajitokeza: betri yenye baridi hufika upesi kwenye kile kiwango, ikajidai imeshiba, na ya joto huchelewa, kwa hiyo siku ya jua kali ingechemka na kidude kisijue. Alikuwa ametengeneza mashine inayojua hali ya hewa ya ukuta wa posho mill tu. Nilicheka hadi nikakaa chini. Naye akacheka, halafu akachukua transista nyingine sita na kufunga moja kwenye ubavu wa kila betri kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ili kidude kihisi joto la betri yenyewe na kubadilisha kiwango chake. Usiku wa mitihani sijawahi kusahihisha kwa bidii kama nilivyosahihisha ukurasa wa hesabu hiyo mpya.

Zilibaki siku chache na mzee bado hakuweza kutoka. Alijaribu. Aliaga, akapanda baiskeli, akaenda. Nilipokwenda kununua sukuma wiki nikamkuta amechuchumaa nyuma ya matuta ya mboga ya watu, tai shingoni, anachungulia banda lake. "Nilikuwa naenda," akasema. Ilikuwa hatua mia moja kutoka mlangoni.

Ijumaa jioni alituita sisi watatu, mimi, Mama Cherehani na mwenye mill. Betri sita zilikuwa mezani zimekula nusu, na kesho zingemalizia. Akatuapisha. "Mtu asiingie. Mtu asichungulie. Mtu akikaa hapo, hiyo si mashine tena, ni watchman, na mimi nitajua sijawahi kutoka." Tukaapa. Jumamosi alfajiri alibana, akawasha mwisho, akafunga mlango kwa kufuli na kwenda Timboroa akiwa amevaa suruali mpya.

Nilivumilia hadi saa nne. Nikaingia posho mill na debe la mahindi, kwa kuwa kati ya mill na banda kulikuwa na ufa kwenye mbao. Kwenye ufa huo nilikuta kichwa cha Mama Cherehani.

"Natafuta sindano yangu," akasema.

Mwenye mill alikuwa nyuma yake, hasagi chochote, mkono wake uko karibu na swichi kubwa ya stima. "Hii ni mill yangu," akasema. "Siwezi simama kwa mill yangu?"

Tukachungulia kwa zamu. Karibu saa sita, ya kwanza ikalia: tak! Balbu ikazimika. Tulikumbatiana kama watu waliofunga bao. Ya pili, tak, ya tatu na ya nne karibu pamoja, na kila moja tukaishangilia kwa kunong'ona. Ya tano ikachelewa kidogo, tak. Ikabaki ya sita, betri kubwa ya lori, ambayo balbu yake ilibaki nyekundu kama kaa linalosinzia. Nusu saa ikapita. Ikapita saa nzima. Harufu kali ilianza kupenya kwenye ufa, na tuliweza kusikia maji yakitokota. Mwenye mill aliweka mkono kwenye swichi. Nikamshika kifundo cha mkono kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu, niachilie. Banda ikilipuka ni yangu."

"Ukizima, huyu mzee hatatoka tena maisha yake yote."

"Na isipojizima?"

Nilikuwa na ukurasa mmoja wa hesabu nilioupa alama zote kwa kalamu yangu mwenyewe. Mama Cherehani alianza Baba Yetu. Alifika kwenye mkate wa kila siku.

Tak.

Mwenye mill, mtu mzima mwenye wajukuu, alilia. Tuliapa kiapo kipya papo hapo kwamba mzee asijue kamwe.

Alirudi Jumapili jioni. Alifungua kufuli, akapima betri moja moja kwa haidromita, kile kioo cha kupimia asidi, akatoka nje mikono juu. "Zimejichaji! Hakuna mtu! Hakuna hata mtu moja!" Mama Cherehani alipiga vigelegele kabla hajamaliza sentensi, mwigizaji mbaya kabisa, lakini mzee hakugundua. Kuanzia hapo alikuwa mtu wa kutoka. Alizika watu, aliimba kwaya, alipanda gari hadi Plateau kuwatazama wagonjwa asiowajua katika hospitali ya misheni, na kila mahali alisimulia betri sita zilizojichaji bila jicho la mtu. Sisi watatu tulitazama viatu vyetu.

Nilihamishwa shule, miaka ikapita. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Timboroa kwa binti yake, mwaka ule watu walipoanza kunong'ona habari za vyama vingi. Alikuwa amekaa uani kwenye kijua chembamba, blanketi magotini, kikohozi kimempunguza mwili. Banda alikuwa amemwachia mdogo wake. Alinishika mkono muda mrefu, nami nilimpenda mzee yule kiasi kwamba sikuweza kumwacha na uongo ule. Nikasema.

"Mzee, ile siku ya harusi. Ndani hakukuwa na mtu, lakini kwa ufa tulikuwa watatu."

Aliweka kikombe chini. Nilifikiri nimemwibia kitu kizuri alichokuwa nacho.

"Mliguza?"

"Hatukuguza."

"Switch?"

"Mwenye mill aliweka mkono. Nikamshika." Nikamweleza ile ya sita, harufu, kutokota, saa nzima baada ya ya tano.

Alifumba macho. "Balbu ilikuwa aje?"

"Nyekundu kidogo tu."

Vidole vyake vilihesabu juu ya blanketi, polepole, vikarudi mwanzo, vikahesabu tena. Kisha akasema, "Mimi ningezima."

"Nini?"

"Hiyo ya lori. Ilikuwa bado inakula, Mwalimu. Hesabu ilikuwa sawa. Lakini ningekuwa hapo na hiyo harufu, hata dakika kumi singengoja. Ningezima mashine yangu mwenyewe na niseme imeshindwa!" Mabega yakaanza kutikisika, kikohozi na kicheko vikachanganyika, machozi yakamtoka. Binti yake akatoka jikoni na mwiko mkononi, ana hofu, akauliza baba amepatwa na nini.

Mzee alimnyooshea mkono. "Mama, kuja usikie," akasema kwa shida. "Ningebaki siku ile, wewe ungekosa baba kwa harusi, na mtu wa lori angekosa chaji. Wote wawili mngekosa!"